Miji Saba, Vitanda Vitatu

Orodha ya kwanza niliyoiandika ilikuwa na miji saba: Paris, Barcelona, Milano, Venezia, Firenze, Roma na Napoli. Siku 13. Si mimi wala dada yangu aliyewahi kusafiri mbali kiasi hicho, kwa hiyo niliona tukishafika upande ule, basi tufike kweli. Nani ajuaye kama tutarudi tena? Nilimsomea dada orodha yote kwa simu, kwa sauti ya waziri anayesoma bajeti. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo.

"Mdogo wangu, tutalala wapi?"

"Kila mji una hoteli zake, dada."

"Sikuulizi hoteli. Nakuuliza tutalala saa ngapi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, watu hulala kwenye treni. Lakini lile swali liliniganda. Usiku ule nikachukua daftari, penseli na kifutio, nikaacha kuandika majina ya miji na kuanza kuandika saa. Nilianza na siku ya kutoka Barcelona kwenda Milano, kwa sababu ndiyo iliyoonekana nyepesi kuliko zote. Ndege yenyewe ni kama saa moja na nusu angani. Ukiitazama kwenye tovuti unadhani unakwenda mtaa wa pili.

Haya sasa. Hoteli nyingi zinataka uwe umeshatoka chumbani kufikia saa nne au saa tano asubuhi. Uwanjani ufike saa mbili kabla. Kabla ya hapo kuna basi au treni ya kukupeleka huko uwanjani. Ukitua, kuna kusubiri mizigo, kisha treni au basi lingine la kuingia mjini, kisha kutembea na begi huku umeshika simu ukiutafuta mlango. Na ukifika mapema usidhani unafunguliwa: vyumba vingi haviko tayari mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Nilipojumlisha, siku ya ndege ya saa moja na nusu ilikuwa imeisha. Tungeiona Milano taa zikiwaka, tukiwa na njaa na tumenuniana.

Na orodha yangu ilikuwa na kuhama kwa namna hiyo mara sita. Siku sita kati ya 13 zilikuwa za kubeba begi.

Basi nikashika kifutio. Barcelona ikaenda kwanza, bila machozi. Milano ikafuata. Paris niliiacha mpaka mwisho, nikaifuta nusu, nikairudisha, nikaifuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Napoli sikuifuta, niliishusha cheo: kutoka mji wa kulala ikawa mji wa kupitia siku moja. Vikabaki vitanda vitatu, yaani Venezia kulala mara tatu, Firenze mara nne, Roma mara tano. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena miji, nilihesabu vitanda, na chochote kilichozidi vitanda vile kilitakiwa kiwe cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo, begi likibaki chumbani.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo sikuitegemea. Italia, Ufaransa na Hispania zote zimo katika eneo la Schengen, na viza moja inakuruhusu kuzunguka humo hadi siku 90 ndani ya siku 180. Lakini maombi hayapelekwi popote unapojisikia. Unapeleka kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwenye nchi utakayoingilia. Kwa ile orodha yangu ya kwanza ningekuwa namweleza ofisa wa ubalozi hesabu ambayo hata mimi mwenyewe siielewi. Nchi ilipobaki moja, fomu ikajijaza yenyewe.

Wanaohitaji viza hiyo na washike haya machache. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe ndani ya siku 15 za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe bado hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka kule. Na kwa kuwa wanataka kuona utalala wapi kila usiku, na wewe hujui kama utapewa viza, weka nafasi kwenye nyumba zinazokubali kughairi bila kulipa. Bei yake huwa juu kidogo. Lipa hicho kidogo. Zile za bei ya chini zisizorudisha pesa zitakuwepo hata baada ya muhuri kugongwa, na zikikosekana, hukupoteza kitu.

Tiketi ya ndege nusura niikosee. Nilikuwa natafuta ya kwenda Roma na kurudi kutoka Roma, kwa mazoea tu, kama vile ndege ni daladala lazima ushukie ulikopandia. Maana yake tungemaliza Venezia, kaskazini kabisa, kisha tutumie karibu nusu siku kurudi Roma kupanda ndege. Tovuti nyingi zina sehemu ya kutafuta tiketi ya miji tofauti: unaingilia mji mmoja, unatokea mwingine. Nikaweka kuingia Venezia, kutoka Roma. Bei ikakaribiana sana na ile ya kwanza, na tukajiokolea treni ya watu wawili ya kurudi tulikotoka.

Kwa nini Venezia kwanza? Mtu akishuka kwenye ndege ndefu akili yake haijafika, iko njiani inakuja. Venezia haina gari wala pikipiki ya kukugonga. Kibaya zaidi kitakachokupata ni kupotea, na kupotea ndiyo shughuli ya mji ule.

Ila malazi ya Venezia yalinitoa jasho kuliko ya miji mingine yote. Ukitafuta kwa bei, utaletewa Mestre. Mestre iko bara, ng'ambo ya maji, na treni inachukua kama dakika 10 kufika kituo cha Santa Lucia kilichoko kisiwani. Kwa anayebana matumizi si uamuzi mbaya, naheshimu. Sisi tulikuwa na siku tatu tu, na nilitaka tuwe ndani ya mji asubuhi kabla umati haujaingia na jioni ukishaondoka. Kuanzia mwaka 2024 mji umeanza kutoza ada ya kuingia kwa wanaokuja mchana na kuondoka, katika siku maalumu za msimu. Anayelala mjini halipi, lakini kwa siku hizo anatakiwa ajisajili mtandaoni apate msimbo wa kuonyesha akisimamishwa.

Kisha nikagundua kuwa umbali wa Venezia haupimwi kwa mita, unapimwa kwa madaraja. Mji una madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi za kupanda na kushuka. Nyumba ya kwanza niliyoipenda, yenye dirisha juu ya mfereji, ilikuwa mita 900 kutoka tunaposhukia basi la uwanja wa ndege. Mita 900 si kitu. Nikafuata njia kwenye ramani kwa kidole, nikahesabu madaraja sita. Nikamfikiria dada na begi lake. Nikaiacha, nikachukua nyumba ya Cannaregio yenye madaraja mawili na dirisha linalotazama ukuta.

Kuhusu mizigo sina la kusema zaidi ya hapo. Begi moja, ulibebe mwenyewe, na ukibisha, yale madaraja yatakuhukumu.

Anwani za kule nazo ni kitendawili. Nyumba haihesabiwi kwa barabara, inahesabiwa kwa kata nzima, ambayo wao huiita sestiere, na namba zinafika maelfu. Namba mbili zinazofuatana zinaweza kuwa zimetenganishwa na kona, kanisa na kichochoro. Mwombe mwenye nyumba akutumie alama ya mahali kwenye ramani na picha ya mlango. Sisi tulikuwa na picha, na bado tulipita mlango wetu mara mbili.

Firenze ndiko nilikoumbuka. Tangazo lilisema lifti ipo, na lifti ilikuwepo kweli: ya zamani, ina milango miwili ya mbao ya kufunga kwa mkono, na upana wake ni wa kabati la nguo. Mtu na begi lake wanaingia iwapo wanapendana. Nisichojua ni kwamba mtu wa juu akishuka ndani na kuuacha mlango haujafungwa sawasawa, lifti haisogei. Tulibonyeza kitufe, tukasikia kimya. Mwenye nyumba hapokei simu. Tukapanda. Dada alikuwa anahesabu kwa sauti, si kwa sababu alitaka kujua idadi, bali ili nisikie. Zilikuwa ngazi 82.

Kumbe habari ilikuwa imeandikwa, mimi ndiye sikuisoma. Baadaye nilirudi kwenye maoni ya wageni waliotangulia nikaikuta, kwa Kijerumani, kwa mtu aliyetoa nyota tatu. Siku hizi siwasomi wa nyota tano wala wa nyota moja. Wa tano amefurahi hata na taulo, wa moja amekuja na hasira zake kutoka kwao. Wa nyota tatu ndiye shahidi. Nawatafsiri kwa simu, natafuta maneno manne: ngazi, kelele, maji ya moto, stesheni.

Hilo neno la mwisho liangalie vizuri, kwa sababu "dakika tano kutoka stesheni" haisemi stesheni ipi. Firenze ina Santa Maria Novella katikati ya mji, lakini pia kuna Campo di Marte na Rifredi. Roma ina Termini na ina Tiburtina. Mtu hajakudanganya, amekuachia tu ujaze mwenyewe.

Mambo mengine ya malazi ya Italia nayapitia haraka. Kuna kodi ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, unaitoa ukifika. Watakuomba pasipoti, na si udukuzi, sheria inawataka wapeleke taarifa za wageni polisi. Tangu mwaka 2025 nyumba za kupangisha wageni zinatakiwa zionyeshe msimbo wa taifa, CIN, kwenye tangazo, usipouona, uliza. Na katikati ya safari tafuta nyumba yenye mashine ya kufulia, hata kama chumba ni kidogo. Ya Firenze ilikuwa nayo. Ndiyo iliyotufanya tuzisamehe zile ngazi.

Sasa zile safari za kwenda na kurudi, ambazo kwangu ndizo zilizoibeba safari nzima.

Kosa nililokuwa nalifanya kwenye daftari ni kuzipanga mwishoni, kama kujaza nafasi zilizobaki. Nikageuza. Nilianza kwa kuuliza kila mji unafunga nini, na lini. Makumbusho ya Uffizi na ya Accademia, inakosimama sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake usiiombe. Basi Jumatatu ya Firenze ikawa siku ya Siena bila mjadala. Ukishazipata siku za milango iliyofungwa, ratiba nusu imejipanga.

Kutoka Venezia tulikuwa na mbili. Ya kwanza ni visiwa, kwa boti ya abiria namba 12 kutoka Fondamente Nove: Murano, ambako mafundi wa vioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa sababu mji uliogopa moto wa matanuri yao, kisha Burano yenye nyumba za rangi kama pipi. Boti inajaa. Dada alipata kiti, mimi nilisimama nimebanwa na mtoto mchanga aliyekuwa ananivuta sikio.

Ya pili ilikuwa Padova, treni ya kama nusu saa, kwenda kuona kanisa dogo la Scrovegni ambalo Giotto alilichora ndani yote, kuta hadi dari, likakamilika mwaka 1305 hivi. Haliingiliki hivihivi. Unaweka nafasi mapema kwa saa maalumu, unakaa kwanza dakika 15 katika chumba cha vioo ili hewa itulie, kisha unapewa dakika 15 ndani. Nafasi yetu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni mama anayesafisha nyumba akatuambia neno moja, sciopero, huku akipangusa viganja kama mtu aliyemaliza kazi. Mgomo wa treni.

Nilitaka kulia. Kumbe mgomo wa kule una adabu zake. Hutangazwa mapema, na kwa treni za mikoa siku za kazi kuna saa ambazo huduma inalindwa kisheria: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Tukaondoka alfajiri, tukarudi jioni, na katikati hapakuwa na namna ila kukaa Padova kutwa. Kama si mgomo tungeona kanisa tukakimbia. Tulikaa chini ya miti pale Prato della Valle, uwanja mkubwa wenye mfereji wa duara na masanamu kandokando, dada akalala usingizi mzito kwenye nyasi, na mimi nikamlinda viatu.

Siena usiende kwa treni ukitokea Firenze, nenda kwa basi. Stesheni ya treni ya Siena iko bondeni na mji uko kilimani. Basi la haraka hutumia kama saa moja na robo, nalo linakuacha karibu na mji wenyewe. Watu wote huenda kukaa kwenye matofali ya Piazza del Campo, ule uwanja ulioinama kama kombe, na sisi tulikaa. Lakini kilichonishika ni ukuta. Mwaka 1339 watu wa Siena waliamua kanisa lao kuu halitoshi, walijengee ukumbi mpya, mkubwa kiasi kwamba kanisa lililokuwepo lingegeuka kuwa mkono wake tu. Wakaanza. Mwaka 1348 tauni ikaingia, ikaua watu kwa wingi, na kazi haikukamilika. Ukuta wa mbele wa lile kanisa lisilokuwepo bado umesimama peke yake, na ndani yake kuna ngazi nyembamba za kupanda. Juu pale upepo ni mkali. Unatazama chini unaona magari yameegeshwa mahali palipotakiwa pawe ndani ya kanisa. Dada aliuliza, "Walikuwa wanajenga cha watu wangapi?" Nikafikiria daftari langu lenye tundu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Pisa na Lucca, ambazo zinaungana vizuri: treni kama saa moja hadi Pisa, kisha kama nusu saa hadi Lucca. Usiku ule wa Jumatatu tukaghairi. Miguu ilikataa. Hatukupoteza senti kwa sababu treni za mikoa bei yake haipandi, unanunua siku hiyohiyo. Kumbuka tu tiketi ya karatasi ya treni hizo lazima uigonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, ama sivyo mkaguzi anakuhesabu umepanda bure. Treni za kasi ni kinyume chake. Kadiri unavyochelewa kununua ndivyo bei inavyopanda, na tiketi ya bei ya chini imefungwa kwa treni ileile tu. Ikiondoka, imeondoka na pesa yako.

Hilo la mwisho nalijua vizuri. Tulikuwa Roma, Alhamisi usiku, kesho yake ni Pompei, magofu ya mji wa Warumi wa kale. Treni ya kasi hadi Napoli ni saa moja na dakika chache, kisha unateremka kwenye jukwaa la Circumvesuviana, treni ndogo ya zamani inayozunguka volkano ya Vesuvio, unashukia Pompei Scavi, hatua chache kutoka lango la Porta Marina. Kuna stesheni nyingine iitwayo Pompei tu, iko kwenye mji wa leo, usishukie hiyo. Tiketi za magofu nilikuwa nimeshanunua kwa majina yetu, maana tangu Novemba 2024 wanaingiza watu 20,000 kwa siku basi. Kila kitu kilikuwa kwenye mstari. Dada akiwa anapaka mafuta miguu akauliza, "Kesho treni saa ngapi?"

Nikatazama simu. Imeandikwa 07:10. Mdomo wangu ukasema, "Saa saba na dakika kumi."

Asubuhi, saa kumi na mbili unusu, niko mlangoni nimevaa, begi begani. Dada kalala, shuka imefika masikioni.

"Dada! Treni!"

Akafungua jicho moja. "Treni ya saa saba, mdogo wangu. Hata chai hatujanywa."

Metro ya kutoka mtaa wa San Giovanni hadi Termini haichukui muda, lakini mtu kuamka, kuoga na kutafuta soksi ya pili kunachukua. Tulifika jukwaani tukaona taa nyekundu za mkia wa treni. Tukanunua tiketi mpya, za bei ya siku hiyohiyo, na sitaitaja. Dada hakunena kitu mpaka tulipokaa na treni ikaanza kwenda. Kisha akaniomba simu, akaisoma ile tiketi ya zamani kwa makini, herufi kwa herufi, akanirudishia.

"Hapa wameandika saa moja."

Tangu hapo kila saa ya safari naiandika mara mbili, kwa tarakimu zao na kwa maneno yetu, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku. Najua mnacheka. Ngojeni mtafsiri 19:05 kichwani huku mmebeba begi.

Pompei tuliiona katikati ya jua. Ni mji mzima, eneo lililofukuliwa peke yake linazidi hekta 40, na kivuli ni cha kutafuta kwa tochi. Ukienda, chukua chupa ya maji ya kujazia na uchague mitaa michache, kwa sababu mwaka 79 majivu hayakufunika mabaki ya mji, yalifunika mji.

Kwenye ratiba ya Roma nilikuwa nimeacha Jumapili, siku ya mwisho, tupu kabisa. Nilisoma mahali kwamba safari ndefu inahitaji siku ya akiba, ya kukamatia kilichochelewa, na nilikuwa nayo wasiwasi, naiona kama pesa imelala. Dada ndiye aliyeichukua. Alikuwa ameona jina kwenye ramani ya metro, akauliza Ostia Antica ni nini. Tukapanda hadi kituo cha Piramide, tukavuka kwenda Porta San Paolo, na kwa tiketi ileile ya kawaida ya mjini, euro 1.50, treni ikatufikisha kwa kama nusu saa.

Ostia ilikuwa bandari ya Roma, mdomoni mwa mto Tiber. Mto ukaleta tope karne baada ya karne mpaka bahari ikasogea mbali, na mji ukabaki nchi kavu. Siku ile watu walikuwa wachache, unasikia ndege. Nyuma ya ukumbi wa michezo kuna uwanja wa mraba uliozungukwa na vyumba vya ofisi za wafanyabiashara wa meli, na mbele ya kila ofisi sakafuni kuna picha ya vijiwe vyeusi na vyeupe: meli, pomboo, mnara wa taa, vipimo vya nafaka. Ndiyo yalikuwa mabango yao.

Dada alitangulia. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya tembo. Tembo wa vijiwe, mwenye pembe na mkonga, na juu yake maandishi ya Kilatini yanayotaja watu wa Sabratha, mji wa bandari wa Afrika, pwani ya Libya ya leo. Ilikuwa ofisi yao.

"Huyu alikuwepo kwenye orodha yako?" akauliza, bila kugeuka.

"Hapana."

Akavua viatu, akakaa chini kwenye jiwe la pembeni, miguu kwenye nyasi. Nami nikakaa. Tulikuwa na ndege ya kesho, mabegi ya kufunga, na treni ambayo kwa mara ya kwanza sikujua inaondoka saa ngapi. Tulikaa pale mpaka mlinzi alipopita mara ya pili akigongagonga saa yake ya mkononi.